Redio ya mama imenyamaza na hakuna aliyetuaga

Jumamosi nlipanda Kibosho kumsalimia mama, nimempa shikamoo, hata sijakaa vizuri akaniletea redio mkononi. "Mwanangu hebu niangalizie, imeharibika, nimebadilisha betri mara mbili haisemi." Ni ile National ya zamani ya marehemu baba, na kwenye kioo kuna alama ya rangi ya kucha nyekundu, baba ndo aliiweka ili mama asihangaike kutafuta stesheni usiku, sindano inakaaga hapo miaka yote.

Nikaiwasha. Kimya. Siyo ile shhhhh mnayoijua, kimya kabisa kama mtu kashika pumzi. Nikasogeza sindano kidogo kulia, shhhhh ikaja, nikarudisha kwenye alama, kimya tena. Hapo nikajua redio ya mama ni nzima.

Nieleze kidogo mana watu wengi mnapeleka redio kwa fundi bure. Kwenye FM, mtambo ukizimika redio inakosa cha kushika, ndo unasikia ule mvumo wa shhhhh. Lakini mtambo ukiwa unawaka alafu sauti haiufikii, kinachorushwa ni wimbi tupu, na wimbi tupu kwenye FM linasikika kama ukimya. Kwaio ukikuta kimya kisafi namna ile ujue mnara una umeme, transmita inapiga kazi, tatizo liko studio kwenyewe au njiani, kati ya studio na mnara. Zamani studio ilikuwa na antena yake inaangaliana na antena ya mnarani, basi. Sahivi kuna stesheni zinapeleka sauti kwa intaneti, ni rahisi kweli, mtangazaji anaweza akakaa Dar akasikika Moshi, ila intaneti ikiyumba mnajua wenyewe, sauti inaanza kukatika vipande vipande, inarudia neno, alafu inapotea. Mei 12 mwaka 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika nchi nzima tulikaa tunahangaika na intaneti, sasa fikiria redio ambayo hata kusalimia watu wa jirani yake inategemea hiyo njia.

Nlitaka nihakikishe na redio ya gari nikakumbuka haiwezi, gari yangu ni ya Japani na redio yake masafa ya FM yanaanzia 76 yanaishia 90, bado sijafunga ekspanda, kile kidude cha kuifanya ishike stesheni za juu ya 90. Tukakaa na mama tunasubiri. Kama nusu saa hivi sauti ikarudi, ikaja miziki mfululizo na vijana wanacheka, wanaongelea foleni ya Mwenge na Kimara, kule Dar. Mama akanitazama. "Hawa ni kina nani?"

Ndo nikaelewa. Siyo kukatika tu, wamebadilisha vipindi vyote. Yule mama wa asubuhi aliyekuwa anasoma bei ya kahawa na ndizi hayupo, kipindi cha wakulima hakipo, na matangazo ya vifo ya saa moja jioni hayapo. Na hakuna siku hata moja waliyosema jamani wasikilizaji wetu kuanzia tarehe fulani tunabadilika.

Kwa mtu wa mjini matangazo ya vifo unaweza ukaona ni kitu kidogo. Huku mlimani ndo yanaunganisha watu, anasomwa marehemu, ukoo, kijiji, watoto wake wako wapi, mazishi lini na saa ngapi, na mtu aliyeolewa mbali anajua apande gari asubuhi. Mama alikuwa na rafiki yake wa Uru, walisoma wote darasa moja, wamebatiziana watoto. Amefariki, amezikwa Alhamisi, mama kaja kujua Ijumaa kwa mtu waliyekutana sokoni. Kilomita chache tu pale ng'ambo. Alikuwa anaongea huku anapangusa redio na kanga, na mi sikuwa na la kumwambia.

Watu wananiambia suluhisho ni redio za dijitali. Nina binamu Minneapolis, kule Marekani wana hii inaitwa HD Radio, imeruhusiwa tangu 2002, dijitali inarushwa pembeni ya FM ileile kwa nguvu ndogo sana, mwanzoni ilikuwa asilimia 1 tu ya nguvu ya FM, mwaka 2010 ndo wakaruhusu mpaka asilimia 10. Chaneli kuu dijitali ikipotea redio inarudi yenyewe kwenye FM, unaendelea kusikiliza. Lakini zile chaneli za ziada, HD2 na wenzake, hazina FM ya kurudia, zikikatika ni kimya. Binamu alikuwa anasikiliza yake ya jazz kwenye gari, ikawa inakatika katika, siku moja ikanyamaza moja kwa moja, ilivyorudi inapiga vitu vingine kabisa. Na yeye hakuagwa. Kwaio dijitali peke yake haimalizi hili.

Norwei walizima FM za kitaifa 2017, lakini walitangaza tangu Aprili 2015, watu walijiandaa, wengine walinuna ila walijua. Hata sisi hapa kwenye ving'amuzi, Dar walizimiwa analojia usiku wa Desemba 31, 2012, sisi Arusha na Moshi tukafuata 2013, kelele zilikuwa nyingi ila tarehe tuliambiwa. Redio ya mtaani inashindwa nini kusema wiki moja kabla, asubuhi na jioni, kwamba vipindi hivi vinaondoka na matangazo ya vifo mtayapata sehemu fulani? Siwakatazi kubadilika, mishahara na umeme wa mtambo vinalipwa kwa matangazo ya biashara na biashara iko kwenye muziki, naelewa kabisa. Ila kuaga ni dakika moja.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao. Dada wa mapokezi alinipokea vizuri, akanambia sahivi wapo kwenye app, nipakue. Nikamwambia mama yangu ana simu ya kitochi. Akanyamaza, alafu akaandika malalamiko yangu kwenye daftari, nikaweka na namba ya simu. Mpaka leo hawajapiga.

Nimeulizia, kuna stesheni nyingine bado inasoma vifo jioni na Kibosho inashika vizuri. Jumamosi hii napanda tena, nimenunua rangi ya kucha, ya bluu, nikaweke alama nyingine kwenye kioo. Nlimpigia mama kumwambia, akasema sawa mwanangu, ila ile ya baba yako usiifute.