Namba nne kabla ya saini: kutoka gurudumu la baiskeli hadi maji ya Kilindini

Swali la kitu kinachozunguka halianzi na fomula. Linaanza na namba nne: kitovu kiko juu kiasi gani, kitu chenyewe kiko umbali gani na kitovu, mzunguko mmoja unachukua muda gani, na kitu kilikuwa wapi saa ilipoanza kuhesabu. Ukizipata hizo, fomula haina tabu. Ukikosea moja, hata uwe hodari wa hesabu namna gani, grafu yako itaongopa.

Baiskeli inatosha kwa zoezi. Ipindue isimame kwa kiti na usukani, kisha pima kutoka sakafuni hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Tuseme ni sentimita 60. Tunafuatilia vali ya tyubu, kwa hiyo pima kutoka kitovu hadi kwenye vali: tuseme 28. Wengi hapa huandika nusu kipenyo cha gurudumu zima, kama 33, na huko ni kupima tairi badala ya vali. Kinachohesabiwa ni umbali wa kile unachokifuatilia.

Muda upimwe kwa mizunguko 10, kisha ugawe kwa 10, kwa sababu kidole kinachobonyeza saa ya simu huchelewa kidogo kila mara. Gurudumu usilisukume ukaliacha. Litapunguza mwendo, na saini (sin ya kwenye kalkuleta) ya kawaida inataka mwendo usiobadilika. Piga alama nne za chaki kwenye tairi, zigawe duara sawasawa, kisha lizungushe kwa mkono ili kila sekunde ipite alama moja. Mzunguko mmoja sekunde 4, yaani digrii 360 ÷ 4 = 90 kila sekunde.

Saini yenyewe ni kimo cha nukta iliyo kwenye duara lenye nusu kipenyo 1, kimo kikipimwa kutoka usawa wa kitovu. Kosaini (cos) ni umbali wa nukta hiyohiyo pembeni mwa kitovu. Kwa hiyo vali ikianzia ubavuni, usawa mmoja na kitovu, huku ikipanda, h ikiwa kimo kutoka sakafuni kwa sentimita na t muda kwa sekunde:

h = 60 + 28 sin(90t)

Ikianzia chini kabisa, ambako ndiko maswali mengi ya mtihani huanzia:

h = 60 − 28 cos(90t)

Ile alama ya kutoa ndiyo inayosahauliwa. Jaribu t = 0: kosaini ya sifuri ni 1, kwa hiyo h = 32, chini kabisa, sawa. Ungeweka kujumlisha ungepata 88, na vali yako ingekuwa imeanzia kileleni. Anayependa saini aandike 60 + 28 sin(90t − 90), ila asidhani grafu imesogea vizio 90. Imesogea sekunde 1, yaani 90 ÷ 90. Ndiyo maana ni bora kuandika sin 90(t − 1); msogeo unaonekana wazi.

Sasa angalia mwendo wenyewe. Nusu sekunde ya kwanza vali inatoka 32 hadi 40.2, imepanda sentimita 8.2. Nusu sekunde inayofuata inafika 60, imepanda 19.8. Gurudumu halikubadili kasi. Chini kabisa vali inakwenda pembeni zaidi kuliko inavyopanda. Anayeunganisha kwa rula nukta tano za sekunde 0, 1, 2, 3 na 4 anapata meno ya msumeno, na hilo si umbo la mwendo huu.

Kosa la kalkuleta ndilo gumu kugundua. Ikiwa imewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii, kwa t = 0.5 itakupa 45.3 badala ya 40.2, jibu ambalo linapita bila kushukiwa. Lakini kwa t = 1 itakupa 72.5 wakati jibu ni 60 kamili. Kwa hiyo kagua kwenye robo za mzunguko, ambako jibu unalijua kwa macho.

Maji ya bahari yanafuata hesabu hiyohiyo, maana nyuma yake kuna dunia inayojizungusha na mwezi unaoizunguka. Kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, au saa 12.42, hivyo ni digrii 29 kwa saa. Chukua mfano wa Kilindini, bandari ya Mombasa: maji yamejaa mita 3.4 saa kumi alfajiri na yatakupwa hadi mita 0.4. Katikati ni 1.9, nusu ya tofauti ni 1.5, na sasa h ni mita na t ni saa:

h = 1.9 + 1.5 cos 29(t − 4)

Hiyo 4 ni saa kumi alfajiri kwa mtindo wa saa 24, ambao ndio wa majedwali ya maji. Ukiingiza 10 umekosea kwa saa sita, karibu nusu mzunguko, na utapata maji makavu pale yalipojaa. Fomula inasema saa ya kwanza baada ya kujaa maji hushuka sentimita 19 tu, lakini saa ya katikati hushuka kama 75. Anayetembea kwenye mwamba wa pwani ya Nyali, Mombasa, azingatie tofauti hiyo, maana maji yakirudi hupanda vivyo hivyo.

Duara moja halitoshi wiki nzima, kwa sababu kuna bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa sana, na maji mafu, siku ambazo tofauti ni ndogo. Jua nalo lina duara lake, la saa 12 kamili. Mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kutabiri maji: roda kadhaa, kila moja ikipanda na kushuka kwa kasi yake, na kamba moja iliyopita kwenye zote ikijumlisha miendo yao. Kwa karatasi, fanya safu mbili na ujumlishe. Ikiwa nusu ya tofauti wakati wa bamvua ni mita 1.5 na wakati wa maji mafu ni 0.5, basi mwezi unachangia 1.0 na jua 0.5: mara wanajumlishwa, mara wanatoana. Kutoka bamvua hadi bamvua ni 1 ÷ (1/12 − 1/12.42), kama saa 355, karibu siku 14.8.