Pikapu ya kumhudumia mkimbiaji wa Colorado Trail
Mume wangu anajiandaa kukimbia Colorado Trail, njia ya milimani nchini Marekani yenye urefu wa kilomita zipatazo 780 kutoka Denver hadi Durango, nami nitamfuata kwa pikapu iliyofungwa kibanda cha kulala nyuma. Fundi alitaka kutujazia makabati. Mimi nilisisitiza maji kwanza, kwa sababu mkimbiaji anayefika Kenosha Pass au Monarch Pass, vipito vya milimani vilivyo njiani, huhitaji kunywa, kuosha miguu na kujaza chupa kabla ya kufikiria lolote jingine. Tangi limewekwa chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, ili uzito usiyumbishe gari kwenye barabara za vumbi. Betri ya lithiamu, inayochajiwa na paneli ya sola iliyo juu ya paa, tumeiweka ndani, kwa kuwa haipaswi kuchajiwa joto linaposhuka chini ya nyuzi sifuri. Jikoni kuna sufuria ya presha, kwani katika mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, na maharage yangetukesha. Wali atakula, ugali ameukataa akiwa mbioni, jambo ambalo bado tunabishania. Viatu vya akiba, vikubwa kidogo kwa ajili ya miguu iliyovimba, vitakaa kwenye kreti karibu na mlango, mahali anapoweza kuvifikia akiwa ameketi.