Jinsi nilivyosoma shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari nikiwa kazini

Nilipoomba kujiunga na shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari, nilikuwa nimekwisha kufanya kazi miaka saba kama Afisa TEHAMA katika hospitali moja mkoani Pwani, na nilijiona mtu anayekwenda kuchukua cheti cha mambo anayoyajua tayari. Kompyuta za mapokezi nilizifunga mimi, nyaya za mtandao nilizivuta mimi, na mfumo ulipogoma usiku wa manane ni mimi niliyepigiwa simu. Sikujua kwamba ujuzi huo ndio ungenichelewesha.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa masomo ya darasani, na tatizo langu kubwa halikuwa kanzidata wala usalama wa mifumo, bali barabara. Vipindi vilianza saa kumi na moja jioni jijini Dar es Salaam. Mkuu wangu wa kazi aliniruhusu kutoka saa nane na nusu, kwa sharti kwamba nifidie saa hizo siku za Jumamosi, nami nikawa napanda daladala kutoka Kibaha hadi Mbezi, kisha Kimara, na kutoka hapo mwendokasi, huku nikisoma makala nilizokuwa nimezichapisha kwenye karatasi kwa sababu sikuthubutu kufungua kompyuta mpakato katikati ya msongamano ule. Ada nililipa kwa awamu nne, mbili kati ya hizo zikitokana na mkopo wa SACCOS ya kazini. Mitihani niliifaulu, mingine kwa alama za kujivunia na mingine kwa alama za kushukuru, na sioni haja ya kuieleza zaidi.

Habari yenyewe ilianza kwenye pendekezo la utafiti. Nilikuwa nimepanga kubuni mfumo mpya wa kusajili wagonjwa, kwa kuwa kila siku niliona mgonjwa mmoja akiwa na mafaili mawili au matatu, na nilidhani dawa ya mfumo mbovu ni mfumo mwingine. Niliandika kurasa ishirini na tano, zikiwa na michoro ya kila skrini. Msimamizi wangu alizirudisha akiwa ameweka alama mahali pamoja tu, kwenye kichwa cha habari. Nikarekebisha, zikarudi tena. Mara ya tatu aliniita ofisini na kuniuliza, “Ukishamaliza kuutengeneza mfumo huu, tutakuwa tumejua nini ambacho leo hatukijui?” Nilijibu kwamba hospitali itakuwa na mfumo mzuri. “Hilo ni jibu la fundi,” akasema, “nami sikatai ufundi, lakini hapa umekuja kuuliza.” Niliondoka nimeudhika, na kwa wiki tatu sikuandika hata sentensi moja.

Kilichonitoa kwenye mkwamo huo ni karani wa masjala wa siku nyingi, mama ambaye wote tunamwita Mama Zuhura. Nilikuwa nimekaa naye nikimlalamikia kuhusu mafaili yaliyojirudia, naye akachukua mawili mezani na kuyaweka pamoja. Moja lilikuwa la Halima Rashidi, jingine la Alima Lashidi. “Mwanangu, huyu ni mtu mmoja,” akasema. “Siku ya kwanza aliandikishwa na kijana wa zamu aliyeandika kama alivyosikia. Siku ya pili alinikuta mimi.” Kisha akachukua mengine mawili, ya Asha Juma na Aisha Juma, waliozaliwa mwaka mmoja. “Na hawa ni wawili. Ukiwaunganisha utampa mmoja dawa za mwenzake.” Nilimwuliza amejuaje. Akanieleza kwa karibu saa nzima, nami nikaandika kila neno nyuma ya fomu za zamani za kuagiza wino.

Swali likawa limepatikana: je, kanuni zinazotumiwa na kompyuta kulinganisha majina zinaweza kutofautisha kile ambacho karani wa masjala anakitofautisha? Pendekezo jipya lilikuwa na kurasa tisa, na lilipita.

Nilianza na Soundex, kanuni kongwe iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918, ambayo huhifadhi herufi ya kwanza ya jina, huondoa irabu, na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu. Ilitengenezwa kwa majina yanavyotamkwa kwa Kiingereza, na kwetu ilianguka kwa namna mbili zinazopingana. Kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, Halima alipata H450 na Alima A450, wasikutane kamwe; Rashidi na Lashidi vivyo hivyo. Wakati huohuo, kwa kuwa irabu zinatupwa, Salma, Salumu na Salome wote walipewa S450, yaani mke, mume na jirani yao Mkristo wakawa mtu mmoja. Katika Kiswahili irabu ndizo zinazobeba jina, na hata majina tuliyoyapokea kutoka Kiarabu tumeyafungia irabu mwishoni. Kuzitupa ni kutupa nusu ya taarifa.

Nikahamia kwenye umbali wa Levenshtein, unaohesabu ni herufi ngapi zinapaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili jina moja liwe jingine. Hapa niliona jambo ambalo Mama Zuhura alikuwa amelisema bila hesabu. Kati ya Asha na Aisha umbali ni 1, na kati ya Halima na Alima pia ni 1, ingawa wale ni watu wawili na huyu ni mmoja. Kati ya Mohamed na Muhammad umbali ni 3, na bado ni jina lilelile. Hivyo nilitengeneza orodha ya mabadiliko yasiyo na gharama au yenye gharama ndogo: r na l, h inayodondoka mwanzoni, irabu inayoongezwa mwishoni, konsonanti iliyorudiwa. Orodha hiyo ilitoka masjala, haikutoka maktaba. Juu yake nikaweka nadharia ya wanatakwimu Fellegi na Sunter ya mwaka 1969 kuhusu kuunganisha rekodi, ambayo huupa kila ulinganifu uzito wake, kwa sababu watu wawili kushirikiana jina adimu la babu kunasema mengi kuliko kushirikiana jina la Juma.

Tarehe za kuzaliwa zilinitesa kuliko nilivyotarajia. Wagonjwa wengi wazee walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, maana yake ni kwamba karani alikisia mwaka na mfumo ukadai siku na mwezi. Kompyuta nayo ilinielemea: rekodi 6,000 zikilinganishwa kila moja na nyingine zinatoa jozi 17,997,000, na kompyuta yangu ililia usiku kucha hadi nilipojifunza kuzigawa kwanza kwa jinsia na muongo wa kuzaliwa.

Kibali cha maadili kilichukua miezi minne. Nililalamika, lakini nilipoisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nilinyamaza, kwa kuwa miaka yote niliyokuwa fundi nilinakili kanzidata ya wagonjwa kwenye diski yangu ya mfukoni bila kufikiri lolote. Kwa ajili ya utafiti, majina yalisomwa kwenye kompyuta isiyo na intaneti, ndani ya hospitali, na hayakutoka.

Tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, kama utaratibu ulivyodai, na sura ya nne ilinichukua muda mrefu kuliko zote kwa sababu maelezo ya makarani yalikuwa ya Kiswahili chao, na kila nilipoyatafsiri yalipungua uzito. Siku ya kutetea, mtahini mmoja alishikilia maelezo hayohayo ya makarani: alitaka kujua kama orodha yangu ingefaa mahali ambapo watu hawachanganyi r na l. Nilikiri kwamba isingefaa, na kwamba kila hospitali ingelazimika kuwauliza makarani wake. Nilipewa marekebisho ya mwezi mmoja.

Mapendekezo yangu ya kuunganisha mafaili ya zamani bado yanasubiri uamuzi wa wakubwa. Kitu kimoja kimeanza kutumika: dirisha la kutafutia mgonjwa pale mapokezi sasa humleta Halima hata ukiandika Alima, na karani huonyeshwa majina yote yanayokaribiana kabla ya kufungua faili jipya. Mama Zuhura alilijaribu kwa kuandika Asha. Aisha alipotokea chini yake, akaniangalia na kusema, “Basi kompyuta iniache nichague mimi.”