Tairi kubwa, difu ile ile: hesabu reshio kabla hujashuka Gerezani kununua spea

Pikapu ikishavishwa tairi kubwa, malalamiko huwa yale yale. Gia ya tano haishiki tena ukiwa na mzigo, klachi inanuka kwenye foleni ya Ubungo, na ukifika mlima Kitonga unapanda kwa gia ambayo zamani ulikuwa huigusi. Wengi hukimbilia pampu na nozeli. Mara nyingi injini haina kosa lolote: tairi imekua, difu (kile kichwa cha gia kwenye ekseli kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) imebaki ilivyokuwa, na kila gia imerefuka kwa asilimia ile ile iliyoongezeka kwenye kipenyo cha tairi.

Reshio ya difu ni meno ya krauni, gia kubwa iliyo ndani ya difu, ukigawa kwa meno ya pinyoni, gia ndogo inayoizungusha. Krauni ya meno 41 na pinyoni ya 10 inakupa 4.10, yaani propela, shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda difu, inazunguka mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara moja. 43 kwa 12 ni 3.583, 43 kwa 11 ni 3.909, 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.556, 39 kwa 8 ni 4.875. Namba ikipanda, gari inavuta vizuri zaidi na injini inazunguka zaidi kwa spidi ile ile. Ikishuka, unapata difu ya mbio.

Kabla ya hesabu yoyote, jua uliyonayo. Usiamini namba ya kwenye intaneti, maana Hilux za dizeli zimetoka na reshio tofauti kulingana na mwaka na soko, na pikapu iliyokwishapita kwa wamiliki watatu huenda ilishabadilishwa difu na hakuna aliyekuambia. Pima hivi. Gari liwe sehemu tambarare, gia nyutro, kama ni 4x4 lever iwe H2 (nguvu iende magurudumu ya nyuma tu), matairi ya mbele yawekewe kabari, kisha toa hendibreki. Piga jeki gurudumu moja tu la nyuma, weka stendi, na jingine libaki limekanyaga chini. Chora mstari wa chaki kwenye tairi lililo juu na mwingine kwenye flenji ya propela, kile kisahani cha bolti kinachoiunganisha na difu. Zungusha tairi mizunguko 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, krauni inazunguka nusu tu, kwa hiyo mizunguko 20 ya tairi ni 10 ya krauni. Propela ikienda karibu mara 36 una 3.583, ikienda 39 na chembe una 3.909, ikienda 41 una 4.10. Wapo wanaozungusha tairi mara mbili tu na kukadiria kwa macho. Kwa njia hiyo hutatofautisha 3.9 na 4.1. Kama difu ina kufuli au ni ile inayobana magurudumu yote mawili, nyanyua yote mawili na uyazungushe pamoja mara 10.

Sasa tairi. Namba ya ubavuni inatosha kwa kuanzia. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi: 265 mara 0.65 mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432. 285/70R17 inafika 831. Lakini tairi iliyoandikwa inchi 33 mara nyingi haifiki 33 ikishabeba gari, na kampuni mbili hazitoi tairi zinazolingana sawasawa. Njia ya uhakika ni kupiga alama ya chaki chini kabisa ya tairi na sakafuni, kusukuma gari mpaka alama irudi chini, kisha kupima umbali kwa futi kamba. Fanya hivyo kwa tairi la zamani na jipya, upepo ukiwa ule unaoutumia na mzigo wa kawaida ukiwa nyuma.

Chukua mfano wa Hilux yenye 3.909 iliyotoka 265/65R17 kwenda 285/70R17. 831 gawa kwa 776 ni 1.07, tairi imekua kwa asilimia 7. Gari sasa inakwenda kama yenye difu ya 3.65. Ili kurudi ilipokuwa inahitaji 3.909 mara 1.07, yaani 4.18. Hakuna 4.18 sokoni, kwa hiyo unachagua kati ya 4.10 na 4.30.

Hapo ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wanachukua namba iliyo karibu zaidi na kufunga mjadala. Mimi naangalia mizunguko ya injini kwenye gia inayotumika siku nzima. Tuseme reshio ya gia ya tano ni 0.85. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hii ikiwa na tairi za kiwandani injini ilikuwa kwenye mizunguko 1,815 hivi kwa dakika. Ukivisha tairi kubwa inashuka hadi 1,700. Ukiweka 4.10 inapanda hadi 1,780, ukiweka 4.30 inafika 1,870. Dizeli yenye turbo inayovuta vizuri kuanzia 1,600 itaishi salama na 1,700 ikiwa tupu, lakini kilima kidogo tu chenye mzigo kinaishusha chini ya pale turbo inapoamka, na hapo unaanza kucheza na gia ya nne na ya tano mpaka Morogoro. Injini isiyo na turbo ina adhabu kubwa zaidi. 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, kwa mfano, inatoa toki (nguvu ya kuvuta) yake ya juu kwenye mizunguko 2,200. Kuishusha hadi 1,700 ni kuinyima pumzi.

Kwa hiyo gari hiyo hiyo ina majibu mawili. Inayozunguka Masaki, Mwenge na Bagamoyo wikiendi, mtu mmoja na begi, 4.10 inatosha, na kwa kweli hata kuiacha na 3.909 si dhambi. Inayobeba tani moja ya saruji kwenda Mkuranga, au inayoingia mchanga wa Kigamboni na matope ya njia ya Mloka, iwekewe 4.30 bila kusita. Kanuni yangu: tairi ikikua chini ya asilimia 5, acha difu. Kati ya 5 na 10, mzigo ndio uamue. Ikipita 10, badilisha, au rudisha tairi. Hilux ya zamani yenye 4.10 iliyotoka 205R16, kipenyo kama milimita 740, kwenda inchi 33 imekua kwa asilimia 13. Hiyo inataka 4.64, na 4.556 inaikaa vizuri.

Usipande kupita kiasi kwa tamaa ya nguvu. Kadiri reshio inavyoongezeka, pinyoni inapungua meno na mwili, na gari ya barabara ndefu yenye 4.875 kwenye tairi za inchi 31 itakupigia kelele na kunywa mafuta Dar mpaka Dodoma.

Kwa 4x4, bajeti ni mara mbili. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na reshio moja. Pikapu nyingi hazina difu ya katikati, kwa hiyo ukiingiza H4 (magurudumu yote manne) ekseli zinafungwa pamoja. Ukiwa na 4.10 nyuma na 3.909 mbele, kila mzunguko unajikaza, lever inagoma kutoka, na mwisho kinavunjika kilicho dhaifu: mnyororo wa transfa, jointi au krauni ya mbele. Tofauti kama ya 4.10 na 4.11 haina shida, zaidi ya hapo usidanganywe. Kuna anayebadilisha ya nyuma tu na kuapa hatagusa lever. Siku gari inauzwa, kiapo hakiandikwi kwenye kadi. Angalia pia kwamba kwenye Hilux za Vigo na kuendelea krauni ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma, haziingiliani, kwa hiyo tafuta ya mbele kwanza. Hiyo ndiyo adimu.

Gerezani na Shaurimoyo utauziwa kwa namna mbili: krauni na pinyoni peke yake, au kichwa kizima cha difu kilichotoka kwenye gari lingine. Kama kipo kizima chenye reshio yako, chukua hicho. Kilipangwa kiwandani, unakifungua na kukifunga, kazi ya siku moja. Hesabu meno hapo hapo dukani, usilipie maneno. Zungusha flenji taratibu kwa mkono ukisikiliza na kuhisi: isikwame mahali, isichakare. Meno yaliyogeuka bluu yaliungua kwa kukosa oili. Yenye vishimo yamekwisha. Linganisha mashimo ya flenji na ya propela yako, na idadi ya meno ya hafu shafti (shafti inayotoka difu kwenda gurudumu), kabla ya kutoa hela.

Ukinunua krauni na pinyoni, zitoke pamoja. Zimesuguliwa pamoja kiwandani, na seti nyingi zina namba moja iliyochorwa kwenye zote mbili. Krauni ya huku na pinyoni ya kule italia hata aifunge nani. Fundi asiye na daili geji (kipimo cha sindano) na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) usimpe kazi hii. Pleyi, yaani nafasi ya kucheza, kati ya krauni na pinyoni kwenye Hilux nyingi ni milimita 0.13 hadi 0.18, kitu ambacho kidole hakiwezi kupima. Bolti za krauni za difu ya inchi 8 (kipenyo cha krauni) hukazwa kwa Nm 97. Beringi za pinyoni ziwe mpya, na kile kibomba cha chuma kinachobonyea katikati yake kiwe kipya pia: nati inakazwa kidogo kidogo huku ugumu wa kuzunguka ukipimwa, na ukipitiliza hulegezi nati, unatoa na kuweka kibomba kingine. Kulegeza ndiko kunakoua difu nyingi baada ya miezi michache.

Kisha meno yapakwe rangi ya kukagulia na yazungushwe. Alama ikae katikati ya jino. Ikizama chini kwenye shina, pinyoni imeingia mno, shimu (kile kibati chembamba cha kupangia pinyoni) ipungue. Ikipanda kwenye ncha, pinyoni iko mbali, shimu iongezwe. Omba uone alama hiyo kabla difu haijafungwa. Fundi anayejua kazi hataona vibaya.

Oili ni ya difu iliyoandikwa GL-5, 85W-90, ijazwe gari likiwa tambarare, mpaka ianze kutoka tundu la kujazia. Safari ya kwanza iwe dakika 15 hadi 20, usimame difu ipoe, urudie. Meno mapya yanapata joto kali, na kwenye jua la Dar ukijumlisha mzigo unaweza kuyachoma siku hiyo hiyo. Usibebe wala kuvuta chochote mpaka kilomita 800, kisha mwaga oili. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida.

Spidomita ina mambo yake. Gari inayosoma spidi kwenye gia boksi, difu mpya itarekebisha kosa la tairi: katika mfano wetu wa 4.30 itasoma juu kwa karibu asilimia 3, na hilo halikudhuru. Inayosoma kwenye sensa za magurudumu haijali difu. Hiyo itaendelea kukuonyesha 50 wakati unakwenda 53.5, na tochi ya trafiki inasoma ya kweli. Linganisha na GPS ya simu uongeze kichwani.

Breki nazo difu haizigusi. Tairi ndefu na nzito inazipa kazi zaidi, kwa hiyo fedha ikibaki, anza na pedi, laina na kubadilisha mafuta ya breki.