Aliyechaguliwa wa 219

Jumapili usiku. Leo jioni tumekaa kamati kupunguza majina ya wasichana wa timu yetu ya netiboli, nami nimerudi nyumbani sina hamu ya kula. Miaka kumi na moja nilikuwa mchezaji, jina langu wakilisoma wengine. Sasa kalamu ninayo mimi.

Usiku huu namfikiria Mike Grier.

Hoki ya barafuni si mchezo wa kwetu, ila habari zake nimezifuata tangu Julai 2022, timu ya San Jose Sharks ya Marekani ilipompa umeneja mkuu. Ni Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Januari ya mwaka huohuo Boston Bruins walistaafisha jezi namba 22 ya Willie O'Ree, yaani hakuna mwingine atakayeivaa kwao; O'Ree ndiye Mweusi wa kwanza kucheza ligi hiyo, mwaka 1958, jicho lake la kulia likiwa karibu halioni kabisa. Kutoka uwanjani hadi ofisini, miaka 64! Hesabu hiyo imenikaa kifuani.

Grier hakuwa nyota wa mabao. Mwaka 1993, timu za ligi zilipochagua vijana wapya kwa zamu, alichaguliwa wa 219, akaja kucheza mechi 1,060, sifa yake ikiwa kuzuia, hasa timu inapobaki pungufu ya mtu. Mwaka 1997 mpinzani alimtukana kwa rangi yake, na mpinzani huyo akafungiwa mechi tatu. Grier alikubali kuombwa radhi.

Kinachonigusa zaidi ni miaka iliyofuata baada ya kuvua viatu vya kutelezea. Alisaka vipaji kwa ajili ya Chicago Blackhawks, akawa kocha msaidizi New Jersey Devils, kisha mshauri New York Rangers. Kwao kazi ya kupima wachezaji waliijua: baba yake, Bobby, na kaka yake, Chris, waliifanya katika futiboli ya Kimarekani. Hata hivyo alianza chini, akajifunza kutazama.

Juni 2024 Sharks walipata nafasi ya kwanza kuchagua. Yule wa 219 akamchukua Macklin Celebrini, wa kwanza kabisa.

Mwishoni mwa orodha yetu kuna binti anayelinda goli. Hana mbwembwe, lakini kumpita ni shughuli. Wenzangu walitaka tumkate. Nimeomba wiki moja. Jumanne nitawahi mazoezini, nikae upande wake wa uwanja, nimtazame miguu.