Siku moja na vitatange wa watu

Saa 11 alfajiri. Siku za bamvua maji hujaa Mombasa saa kama hizi, kwa hiyo niko Laitihausi na mitungi yangu kabla wakimbiaji hawajaamka. Kazi yangu ni kuwatunzia watu matanki ya vitatange, samaki wa rangi wa kwenye miamba ya bahari. Nachota yakiwa yamejaa, maji yaliyoingia kutoka bahari kuu. Yakianza kupwa, yanayopita hapo yanatoka ndani ya bandari ya Kilindini, na yametembea na mengi. Kipima-chumvi kinasema 1.025, sawa na bahari. Masika yakikolea kipimo hushuka, basi baada ya mvua kubwa huwa siendi kabisa.

Saa 1 asubuhi, Kibokoni. Mahamri kwa mbaazi, halafu tanki la karantini, la kuwatenga samaki wapya. Halina mchanga wala matumbawe, vipande vya paipu tu vya kujifichia. Yumo kitatange mdogo mwenye mgongo wa rangi ya chungwa, wa kutoka Shimoni, aina isiyozidi sentimita 8. Leo kadonoa uduvi. Namwekea na ngisi wa kusaga na mwani, maana vitatange si wa nyama peke yake. Kwenye miamba hula sana sifongo na mwani.

Saa 4, Nyali. Hapa ndipo sehemu kubwa ya siku yangu huishia. Mzee mstaafu, tanki la lita 800 sebuleni. Alipomnunua kitatange wake alikuwa wa buluu iliyokoza, na duara nyeupe mwilini, mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Sasa duara zimegeuka mistari ya manjano, na macho yamefunikwa na utepe mweusi. Jirani aliwahi kumwambia samaki wake amebadilishwa usiku. Huyu anaweza kufika sentimita 40, jambo ambalo wauzaji hulisema kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, huyu ana upweke. Mtafutie mwenzake."

"Mzee, hawa si njiwa. Ukimtia mwingine wa aina yake watauana."

Kacheka, hakuamini. Inafikiriwa rangi ile ya utotoni ndiyo humfanya mkubwa amvumilie mdogo kwenye mwamba wake. Akishavaa mistari, huyo ni mshindani. Na kwenye mwamba mshindwa ana pa kukimbilia. Kwenye sebule ya Nyali atakimbilia wapi? Kazi yangu, kwa maoni yangu, nusu yake ni kusugua vioo na nusu ni kuwakatalia watu wanaotaka kunilipa.

Nabadilisha maji, nasafisha chujio. Kijana wa nyumbani ananiambia maji yalipungua kwa joto, akaongeza ya bahari niliyoacha kwenye mtungi. Napima: chumvi imepanda. Maji yakikauka chumvi haiendi popote, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi wala klorini. Nikamwonyesha alama kwenye kioo, nikamwachia mtungi wenye kifuniko cha rangi nyingine.

Saa 7 mchana stima ikapotea. Pampu zikanyamaza. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na Mombasa ya Machi haina huruma, basi nikawasha pampu ya betri na kufungua mfuniko. Mzee akaleta kipepeo cha ukili, akapepea juu ya maji kwa bidii. Sikumzuia. Upepo ule unasaidia kweli.

Saa 10 jioni, simu kwa mzamiaji wangu wa Shimoni. Namkumbusha asimpandishe samaki haraka kutoka kwenye kina, kibofu cha hewa huvimba, akaja kuelea tumbo juu. Na amhamishe kwa chombo, si kwa wavu: kitatange ana mwiba kwenye shavu, unanasa nyuzi. "Najua, bwana," anasema. Anajua kuliko mimi, lakini anaye mwanafunzi mpya.

Saa 3 usiku namwangalia mgeni wa karantini kwa tochi. Madoa meupe mawili pezini. Kesho yanaweza kutoweka, na wasiojua hufurahi, kumbe vijidudu vimeshuka chini kuzaana virudi kwa wingi. Nikaanza dawa ya shaba, na kipimo chake kando. Ndiyo maana tanki hili halina matumbawe, shaba ingeyaua.

Simu ikalia. Mzee wa Nyali katuma picha ya kitatange wa manjano: "Na huyu je? Si wa aina yake."

"Mzee, tutazungumza Jumamosi. Andaa kahawa."

Akajibu kwa picha nyingine.