Tope kwanza, miche baadaye

Wengi wanaokuja kujitolea kwa mara ya kwanza kule mlangoni mwa mto, tunakorudisha kinamasi cha maji ya chumvi, wanataka kupanda, na nawaelewa kabisa, mtu ameacha mambo yake ya wikendi anataka ashike mche, auchomeke, aone kitu kimesimama. Lakini kadiri ninavyozidi kwenda ndo naona kazi yenyewe ni tope. Likiwa chini sana maji yanalifunika muda mrefu mno na miche inaoza, likiwa juu sana maji ya chumvi yanafika siku za bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na mimea ya nchi kavu inaingia kutawala. Sentimita chache tu zinaamua nini kiote wapi.

Kwa hiyo leo hatujapanda hata mche mmoja, tumeshinda tunafunga vizuizi vya matawi kandokando ya mikondo, maji yakijaa yapunguze kasi na yaache mashapo yake pale, yaani tope na mchanga yanaobeba. Nimeipenda sana hii kazi kwa sababu bahari ndo inajenga, sisi tunaipa nafasi tu. Na penye mashapo ya kutosha na mbegu za jirani, mara nyingi mimea inakuja yenyewe bila mtu kuotesha chochote.

Tabu kubwa ni ardhi iliyozungushiwa kuta zamani ili watu walime. Ikikosa mashapo miaka na miaka inashindiliwa na kushuka, ukibomoa ukuta hivihivi unapata dimbwi, kinamasi hupati. Kule Wallasea, Uingereza, walileta zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya reli ya London wakainua ardhi kwanza, halafu mwaka 2015 ndo wakatoboa ukuta maji yaingie. Sisi hatuna udongo wa hivyo, tuna matawi na subira.

Na jamani tusilete mbegu za mbali eti zinakua haraka! China walipeleka nyasi za Spartina kutoka Marekani mwaka 1979 zizuie mmomonyoko, zikaenea mpaka zikafunika tope wazi ambalo ndege wa pwani wanatafutia chakula, sasa wanahangaika kuzing'oa.

Ile harufu ya yai viza ukichimba isiwakimbize, ni kwa sababu chini hakuna oksijeni, na ndo maana mizizi iliyokufa inaoza polepole sana na kaboni inabaki humo ardhini kwa karne nyingi. Mimi harufu hiyo siku hizi inanifurahisha kwa kweli.

Bamvua ijayo tunapima kwenye fito tulizochomeka tuone tope limepanda kiasi gani. Atakayekuja avae buti za kubana maana zile pana tope linazivua, tupite njia moja tu tusikanyage machipukizi, na mbwa tafadhali wabaki nyumbani, kwenye nyasi za juu kuna viota.